Kengele ya Watoto Njiti

Asubuhi baada ya sikukuu ya zana, Dada Thenmozhi aliniita nifute skrini yake. Jana yake mimi ndiye niliyeipaka unga wa sandali, ule mti wenye harufu nzuri, na unga mwekundu, kama tunavyopaka kila chombo cha kazi siku hiyo hapa Coimbatore. Kikishapakwa, hakuna anayekigusa mpaka kesho yake.

Siku zote mashine yake ya akili bandia hurekebisha programu za hospitali, naye dada huyakagua marekebisho moja moja kabla ya kuyapitisha. Kwa ajili ya sikukuu, aliiacha ijipitishie yenyewe.

"Umepaka kama unapamba bibi harusi," alinitania, kikombe cha kahawa mkononi.

Nilifuta taratibu. Chini ya doa ukatokea ukurasa wa marekebisho ya jana, yote yakiwa na alama ya kijani. Dada akasoma. Kikombe kikabaki karibu na mdomo, hakunywa.

"Kuna nini, dada?"

"Kengele ya vitanda vya watoto njiti, kule hospitali. Ilikuwa inalia hata pasipokuwa na shida. Mashine imeirekebisha."

"Si ndiyo vizuri?"

"Imeizima, mdogo wangu. Tangu jana wauguzi wanakaa wakijua itawaita."

Alitaka kuweka kikombe mezani, kahawa ikamwagikia mkono. Hakuupangusa.

Simu yake ikaita. Jina la hospitali likawaka. Aliitazama, kisha akanisukumia. Nami vidole vyangu bado vilikuwa vyekundu.

"Pokea wewe," akasema. "Waulize watoto wangapi."