Kanyaga Mafuta, Kaka

Mteja alibaki kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimetimka, akiita, "Wewe msusi, na mimi je?" Msusi hakusikia. Alikuwa ameshatoka mlangoni, kitana mkononi, ndala mguu mmoja.

Kilichomtoa mbio ni redio. Mtangazaji alikuwa amesoma kwa sauti ileile ya kusomea hali ya hewa: kiwanda kinayaita magari yake yote ya aina ya Velanto yarudishwe. Pedali ya mafuta ikikanyagwa inaweza kukwama chini, gari likajiendea lenyewe, mbio juu ya mbio, na breki zisifue dafu. Mwenye nalo asiliwashe hata kwa kulitoa uani.

Velanto! Mume wake alilitaja jina hilo kuliko jina la mama yake mzazi. Na saa hizi ndipo huenda nalo kumchukua binti yao shuleni, kule bondeni, ambako barabara inateremka moja kwa moja mpaka getini.

Alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Haikupokelewa, na alijua sababu: yeye mwenyewe ndiye aliyemwapisha mume wake, siku gari lilipoingia nyumbani, kwamba akishika usukani hagusi simu hata apigiwe na rais. Mwanaume mbishi kwa kila jambo, hilo moja tu ndilo alilolishika. Jamani!

Alijitupa kwenye teksi ya kwanza iliyosimama. Hakutazama rangi, hakuuliza bei. Kwake magari duniani yalikuwa ya aina mbili: letu na ya watu.

"Shule ya bondeni, kaka. Kimbia, mume wangu na mtoto watakufa!"

Dereva aliondoa gari kabla mlango haujafungwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi. "Nani anawaua, dada?"

"Gari lao. Linakimbia lenyewe. Redio imesema yote yarudishwe kiwandani."

"Gari gani hilo?"

"Velanto."

Dereva akatikisa kichwa. "Hilo silijui. Nyie na magari yenu ya majina makubwa! Sisi wa teksi tunaendesha Kobe." Akaupiga usukani kofi la mapenzi. "Kwa huu mgongo wake. Jina la kwenye kadi analijua tajiri mwenye gari, mimi kanikabidhi juzi tu. Ila usidanganyike, dada. Likikolea hili, utashangaa."

"Basi likolee. Nakuomba. Kanyaga mafuta, kaka!"

Akakanyaga. Maduka ya vyuma yakapita, kituo cha mafuta kikapita, taa nyekundu waliiacha nyuma ikiwaka na askari wake akipuliza filimbi. Msusi alikuwa akipiga simu kwa kidole gumba kilichojaa mafuta ya nywele, kikiteleza kwenye kioo. Ikaita. Ikakata.

Asubuhi waligombana. Sufuria tu imeungua, basi, nyumba nzima ikawaka. Maneno yake ya mwisho kwa mume wake yalikuwa, nenda zako na hilo gari lako. Alikuwa ameyasema mbele ya mtoto, tena kwa kubinua mdomo. Sasa alijing'ata kidole mpaka kikauma. Chukua saluni, Mungu wangu, alisema moyoni. Chukua hata hii mikono. Niachie wale wawili.

"Mbona unapunguza?"

"Kuna kona, dada."

"Achana na kona! Wewe huna mtoto? Kanyaga!"

Ndiyo, dereva alikuwa na mtoto. Akaguna, akaukandamiza mguu mpaka chini. Baada ya kona hakuongea tena. Msusi aliusikia mguu wa dereva ukigonga sakafu, ukainuka, ukagonga tena, na kwa mara ya kwanza tangu atoke saluni akapata nafuu kidogo. Huyu angalau ameelewa.

Simu ikaita mkononi mwake. Ilikuwa namba ya mume wake.

"Simamisha!" alipiga kelele simuni. "Simamisha gari, mshuke!"

"Nishuke wapi tena? Nimekaa kwenye ndoo hapa gereji. Simu ilikuwa kwenye koti, naona umepiga kama kuna msiba."

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, anamaliza mkate wa fundi. Nimemfuata kwa miguu. Fundi alinipigia tangu asubuhi, kasikia habari za kuyarudisha, akaniambia nilete la kwangu kwa kulivuta kamba. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa umeninunia."

Msusi akalia, akacheka, akalia tena. Alikipiga kiti cha mbele kwa kitana kana kwamba kiti nacho kilistahili kujua. "Wazima, kaka! Wote wawili wazima! Basi punguza mwendo, hatuna haraka tena."

Gari liliendelea kwa mwendo uleule. Upepo ulikuwa ukivuma dirishani, pengine dereva hakusikia. Mbele yao mteremko wa shule ulikuwa umeanza.

Sikioni mume alikuwa bado anaongea, furaha imemjaa mpaka kwenye sauti. "Tena si langu peke yangu. Uani hapa hakuna pa kukanyaga, Velanto tupu. Nyingi za teksi. Eti wenyewe wanaziita Kobe, umewahi kusikia? Haloo? Mke wangu?"

"Kaka," alisema msusi. "Nimesema upunguze."

"Mguu nimeutoa zamani, dada," alisema dereva. "Tangu kule kwenye kona."