Pale Santuri Inaporuka

Kila Jumapili wapenzi wa roki walikutana katika kibanda cha fundi redio, kila mmoja na albamu iliyomkosha wiki hiyo. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kufungua mdomo mpaka sindano iinuliwe.

Zamu ya Kisaka, mgeni wao, ilipofika, gitaa la umeme likanguruma na Tunu, mmoja wa wapenzi hao, akaitambua albamu. Kaka yake Shomvi aliondoka na santuri kama hiyo kwapani siku aliyogombana na baba. Hakurudi hata baba alipozikwa.

Santuri kama hizo ziko tele, akajituliza. Ile yao ilikuwa na mkwaruzo kwenye wimbo wa mwisho, na kila iliporuka, yeye na Shomvi waligonga meza mara mbili kuziba pengo.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Tunu akaibana mikono mapajani. Ngoma zikapanda, gitaa likapanda, santuri ikaruka.

Mkono ukamponyoka, ukagonga meza: ko, ko. Wa Kisaka nao ukagonga papo hapo.

“Nani kakufundisha?” Tunu alifoka. Wenzake wakamkodolea macho, sharti limevunjwa.

Kisaka aliinua sindano taratibu. “Mwenye santuri, dada. Ameniambia haingii mpaka asikie kama bado unamgongea.”

Kisha mlango ukalia: ko, ko.

Tunu akainua ngumi juu ya meza, ikabaki hewani.