Doa Kifuani

Osewe, mume wangu, aliingia jioni shati likiwa limelowa kifuani. Nilikuwa nimeshika kijiti cha kiberiti, karibu kuwasha koroboi.

"Maji hayo?" nikauliza.

"Ya mtungi. Washa bana, mbona tukae giza?"

Nilirudisha kijiti. Alikuwa anatunza jenereta ya banda la video kule Silanga, na aliniahidi kwamba ataizima na kuiacha ipoe kabla ya kuitia petroli. Lakini akiizima mechi ikiendelea, picha hukatika na watazamaji humrushia mawe.

"Leo ulizima?"

"Nilizima! Si uende uwaulize?"

Nyumba yetu hunuka mafuta ya taa siku zote, kwa hiyo pua haikunisaidia kujua kama ni petroli. Nikamgusa kifuani. Kitambaa kilikuwa baridi sana, na lile doa lilizidi kupungua nikiliangalia. Humu ndani nguo zangu huchukua siku nzima kukauka.

"We mwoga sana, nyar Gem," akacheka, akiniita binti wa kwetu Gem. "Lete niwashe mwenyewe, uone kama si maji."

Akaninyang'anya kiberiti, akatoa kijiti. Nilitaka sana kumwamini. Kisha nikaona jinsi alivyounyoosha mkono, mbali kabisa na kifua chake.

Nikaushika mkono huo.

"Vua shati kwanza, Osewe."

Alinitazama, kicheko kimeisha. Akaanza kufungua vifungo polepole, kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine sikuuachilia.