Diski Isiyokwaruza

"Zima feni," Recheli alisema.

Zuena, mwenye duka la kompyuta karibu na stesheni ya Tabora, alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. Joto lilikuwa kali. Hata hivyo alizima. Recheli akainama kwenye kaunta, akaweka sikio juu ya diski iliyokuwa imechomekwa kujaribiwa, akafumba macho.

"Inanong'ona," akasema. "Siitaki."

"Diski gani isiyonong'ona, mtani? Nyinyi Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani kwetu, na mkaimba njiani. Leo mvumo wa diski unawashinda?"

"Sisi tulibeba. Nyinyi Wazaramo mlikaa kivulini mkingoja tufike na chakula."

Zuena alicheka mpaka akashika kaunta. "Haya, yamekwisha. Ni ya nini? Sinema?"

"Ya kompyuta ya sebuleni. Imeunganishwa na televisheni na spika kubwa. Baba haoni siku hizi, anasikiliza tu. Kelele inamsumbua."

Yaliyobaki hakumwambia. Hakumwambia kwamba kaka yake, Anselm, dereva wa malori ya Kongo, alikufa barabarani wakati baba yao, mzee Erasmus, amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Daktari alikataza habari yoyote ya kumshtua. Wajomba wakamzika Anselm kwao Urambo, haraka, kisha wakaapishana kumficha mzee. Mzee aliporudi nyumbani aliuliza jambo moja tu.

"Anselm hajapiga?"

"Atapiga jioni, baba," Recheli alijibu, maana hakuwa na neno jingine mdomoni.

Na jioni ile Anselm akapiga.

Kila alipokosa mtandao safarini, Anselm alikuwa akijirekodi video na kuituma akifika mjini. Zilikuwa nyingi, na Recheli alikuwa amezihifadhi zote kwenye kompyuta ya sebuleni. Tena Anselm alikuwa amelelewa. Hata akiwa peke yake ndani ya lori, mbele ya simu, alisema "Shikamoo, baba," kisha akanyamaza kungoja marahaba, kwa sababu mtoto haendelei na maneno yake kabla baba hajaitikia. Katika kimya kile mzee aliitikia. Aliulizwa habari za nyumbani, akazieleza. Akiuliza jambo ambalo video haikuwa na jibu lake, Recheli alizima.

"Mtandao, baba."

"Mtandao wenu huu," mzee alisema, na hakuuliza tena.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka diski ya kompyuta hiyo ilipoanza kukwaruza. Ilisikika zaidi pale Anselm aliponyamaza: krr, krr, kama panya ndani ya gunia la karanga. Siku za mwanzo mzee aliuliza kelele ile ni ya nini. Baadaye hakuuliza. Aligeuza sikio upande wa kompyuta, akasikiliza, uso umekunjamana.

"Itafutie dawa hiyo kelele," akasema. "Upesi."

Recheli hakupata usingizi. Simu gani inakwaruza kama panya? Baba alikuwa anakaribia kujua, na moyo ule ukijua utasimama.

"Basi chukua hii." Zuena aliweka kauntani kitu chembamba kama kipande cha sabuni iliyokwisha. "SSD. Ndani hakuna kinachozunguka. Ukiisikia inalia, ujue ni masikio yako."

"Itadumu?"

"Itadumu. Ila nikuambie ukweli. Zile za kuzunguka zikitaka kufa hukwaruza kwanza, zikakuonya. Hii siku yake ikifika inakufa tu, bila kuaga. Kwa hiyo weka nakala kwenye nyingine, uifungie kabatini."

Recheli aligeuzia uso mlangoni. "Nipe mbili."

"Mtani! Mbona unalia, na bei sijakutajia?"

"Vumbi."

Zuena hakutania tena. Alipokea diski ya zamani aliyokuja nayo Recheli, akahamisha video zote bila kufungua hata moja, akamwonyesha namna ya kuifunga ile mpya.

Jioni Recheli alimketisha baba yake kwenye kiti chake, mbele ya spika.

"Baba, Anselm anapiga."

Mzee alivuta kiti mbele. Recheli akabonyeza.

"Shikamoo, baba."

Kikafuata kimya safi, kisicho na panya.

Mzee hakuitikia.

Recheli akasogeza kidole kwenye kitufe cha kuzima. Sasa hakukuwa na kelele ya kuficha chochote.

"Nashukuru Mungu, baba," Anselm aliendelea, akimjibu mtu ambaye hakusema kitu. "Huku mvua imetukamata. Habari za hapo nyumbani?"

Kimya tena. Midomo ya mzee ilikuwa imefungwa, sikio amelielekeza kwenye spika.

"Vizuri sana, baba. Nimefurahi kusikia hivyo."

Recheli aliruka. "Baba, mtandao leo..."

Mzee aliinua mkono kumnyamazisha. Mkono ukabaki hewani mpaka Anselm aliposema kwaheri na spika zikanyamaza. Recheli alipiga magoti, akaukamata mkono ule, akitafuta mapigo ya moyo kwa vidole vyake.

"Irudishe nyuma, mwanangu," mzee alisema. "Pale anaponyamaza kuningoja. Leo nimemsikia anavyopumua."