Msemaji Chini ya Shuka la Kijani

Fuvu la Ralaivao lilikuwa wazi, ubongo unamulikwa taa, na mwenyewe yuko macho, anataja bata.

"Huyu ni bata."

"Safi," akasema Njaka. "Na huyu?"

"Ng'ombe dume."

"Nilidhani utasema mkwe wako."

Ralaivao alitaka kucheka, lakini kichwa kilikuwa kimebanwa kwa vyuma. Alilazwa ubavu, shuka la kijani limetundikwa juu yake kama hema, na ndani ya hema hilo walikuwa wawili tu. Njaka ndiye mtaalamu wa usemi katika hospitali ile ya Antananarivo, na alikuwa ameishusha barakoa hadi kidevuni ili mgonjwa amwone midomo. Nyuma ya shuka, asikoonekana, alikuwa Dokta Lalao na kijiti chake cha umeme.

Walimweleza mapema. Uvimbe umekaa jirani na maneno, kwa hiyo hatalazwa usingizi. Yeye atataja picha, daktari atagusa huku na kule. Neno likikwama, Njaka atasema "kosa", na hapo kisu hakitapita. Maneno, Dokta alisema, hayakai yote kwenye gunia moja. Majina ya vitu yana chumba chake, kuyaunga yawe sentensi kuna chumba chake, na kuelewa anachosema mwenzako kuna kingine. Vyote atavipigia hodi.

Kufa hakukumtisha sana Ralaivao. Alichoogopa ni kunyamaza. Kazi yake ni msemaji wa harusi, yule anayesimama kuusemea ukoo wakati wa kuposa, na upande wa pili nao wana msemaji wao, anamsubiri ajikwae. Ukijikwaa watu wanakucheka mpaka siku ya kukuzika. Na baada ya mavuno ilikuwa zamu ya kumsemea binti yake mwenyewe, Fanja. Aliwaambia waziwazi kwamba wakimrudisha nyumbani bila maneno, afadhali wasimrudishe.

"Mama anatwanga," Njaka akasema. "Jana je?"

"Jana mama alitwanga."

"Kesho?"

"Kesho atatwanga, kama hajachoka na nyinyi."

Njaka akatabasamu huku anasugua kipaji cha uso. Tangu asubuhi alikuwa analalamika kichwa kinamgonga, na Ralaivao alikuwa amemtania wabadilishane kitanda.

Ikaja picha ya mwavuli. Ralaivao akafungua mdomo, pakawa patupu. Kitu anakijua, anajua kinavyofunguka, anajua wake kausahau wapi. Jina hakuna. Pale lilipokuwa pamebaki shimo.

"Kosa," Njaka akasema.

Dokta akaondoa kijiti, na mwavuli ukarudi wenyewe, kama mtoto aliyekuwa amejificha mlangoni. Lakini jasho lilikuwa limeshamtoka Ralaivao. Kumbe ni rahisi hivi. Mtu anagusa tu.

"Hapo sipiti," Dokta akasema. "Ngoja nisafishe kidogo. Njaka, endelea kupiga naye soga." Mashine ya kunyonya damu ikaanza kunguruma.

Njaka akainua picha nyingine.

"Kinu," akasema Ralaivao.

Njaka hakusema safi. Picha ikamchoropoka mkono wa kulia, ikaanguka kifuani kwa mgonjwa.

"Ni kinu," Ralaivao akarudia.

Njaka akamsogelea sikioni, akasema polepole, kwa upole wake uleule, "Mvua ile imemlia sahani kwa bibi."

Kila neno Ralaivao alilijua. Yakiwa pamoja, hayakuwa kitu.

"Unasemaje, ndugu yangu?"

"Sahani, mzee. Sahani inatembelea jana." Njaka alimkazia macho kama mtu anayedai jibu. Uso wake ulikuwa umepinda upande mmoja, lakini Ralaivao alikuwa amelala ubavu, na kwake dunia nzima ilikuwa imepinda.

Basi ndiyo hiyo. Wamekata chumba cha kuelewa. Alimwona Fanja ameketi na nguo yake nyeupe, msemaji wa wakwe amesimama anamwaga maneno, na yeye, baba mtu, anasikia sahani na mvua.

Njaka akatamka jambo jingine tena, likawa sauti tupu. Ralaivao akafumba mdomo. Aliogopa kujaribu. Asiposema, pengine bado anayo. Akisema, atajua.

Lakini wasemaji wa kwao wana desturi iliyowaingia kwenye mifupa. Hawafungui hotuba kabla ya kuomba radhi na kubeba lawama yote, hata ya wengine, na kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba amekosea ni aibu kuliko kukosea kwenyewe. Ralaivao akaifuata, kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

"Niwieni radhi, wakubwa kwa wadogo," akasema kwa sauti kubwa. "Si mimi wa kusema mbele yenu, na nimesema. Lawama iwe yangu, asibebeshwe ndugu yangu Njaka. Yeye anasema vizuri, ni mimi siyaelewi tena maneno yake. Mkishamaliza, mwambieni binti yangu atafute msemaji mwingine."

Mashine ikazimwa.

"Mzee Ralaivao," Dokta Lalao akaita. "Unanielewa mimi?"

Alimwelewa. Kila neno lilimfikia likiwa zima.

"Nakuelewa, Dokta."

"Basi tulia, usisogee. Kwenye ubongo wako sijagusa kitu tangu ile picha ya mwavuli." Shuka likainuliwa ghafla, taa ikamwagika ndani. "Nesi, mdake Njaka, ni kiharusi. Mdomo wake umekwenda upande."