Mashine Iliyokataa Kericho

Dereva alikuwa tayari amewasha gari la kurudisha mashine ya mtafiti Dorine Nairobi, na mshale wake wa kipimo bado ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Mashine hiyo ilitoa mawimbi yasiyoonekana, mafupi kuliko ya redio, marefu kuliko ya joto la moto, yakienda hatua moja kama watoto wa gwaride. Yangepima maji ndani ya majani ya chai. Nairobi yalipita vizuri. Huku kwetu Kericho, wapi!

Dorine aliangalia ukungu dirishani, kisha akamgeukia daktari wa ng'ombe wa kijiji, aliyekuja kutazama akiwa na mtungi wake.

"Nipe mtungi wako wa naitrojeni baridi."

"Madam, huo ni wa kuhifadhi mbegu ya fahali!"

"Hata huyu wangu ni fahali. Hewa yenu imejaa maji, inakunywa mawimbi yangu yote."

Akapitisha moshi wa naitrojeni, mkavu usio na maji, kutoka mtungini kwa bomba la mpira mpaka ndani ya sanduku la mashine, ukasukuma hewa yetu nje. Mimi, mchuma chai, nilisogea na kikapu changu cha majani kuangalia mshale.

Mshale ukainuka.

"Dada, weka jani," akaniambia.

Nikaweka moja kwenye njia ya mawimbi, bado lina umande. Mshale ukalala tena, safari hii kwa maji ya jani, na Dorine akacheka kama mtu aliyeitikiwa salamu.

Nje, dereva akazima gari.