Kisanduku cha Ndugu wa Karibu

Tabea aliisoma karatasi ya daktari mara mbili, akamtazama mzee aliyelala kwenye machela mbele ya dirisha lake la mapokezi, kisha akakigeuza kitambulisho chake cha kazi kilichoning'inia shingoni, upande wa jina ukalala kifuani. Ndipo akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, mikono yote miwili tumboni. Bodaboda aliyemleta kutoka Ngaramtoni alishaondoka zamani.

Karatasi ilisema: Elimringi Akyoo, utumbo umejisokota, apasuliwe kabla ya saa tano. Sasa ilikuwa saa nne na robo. Kilichobaki ni kumwandikisha kwenye kompyuta tu, kwa sababu chumba cha upasuaji hakipokei mgonjwa asiye na fomu iliyochapwa.

"Majina yote matatu, mzee?"

"Elimringi..." Maumivu yalimkata pumzi. Alipofika kwenye "Ndesanjo", Tabea alikuwa ameshaliandika.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Nitaijulia wapi? Mama alisema ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa."

Tabea akaweka tarehe moja Januari, kama wanavyowekewa wazee wengi, na mfumo ukameza bila kutafuna. Kisha wakafika kwenye kisanduku cha ndugu wa karibu.

"Andika hakuna."

"Huna mke?"

"Sina."

"Hata mtoto?"

Kompyuta haikuwa imeuliza habari za mtoto. Mzee alitazama dari. "Nimekaa machimboni Mererani miaka thelathini, mwanangu. Kule mtu anatafuta mawe, hatafuti watoto."

Tabea alikiacha kisanduku wazi, akabonyeza Hifadhi. Maandishi mekundu yakatokea: *Sehemu hii lazima ijazwe.*

Akaweka kistari. *Tumia herufi pekee.* Akaandika Hakuna. *Andika majina matatu.* Akaandika Hakuna Hakuna Hakuna, na kwa kweli aliona aibu kuandika hivyo. *Majina hayawezi kufanana.*

Zamani mfumo huu ulikuwa mpole. Wahudumu waliujaza upuuzi wa kila aina mpaka mwezi uliopita Reginald, fundi wa kompyuta, alipoamua kuubana. Sasa Tabea alimpigia simu mara tatu. Iliita mpaka ikakata.

"Buni mtu tu," alisema Yona kutoka dirisha la pili, bila kuinua macho kwenye foleni yake.

"Inataka namba ya simu, Yona. Inatuma tarakimu za kuthibitisha. Simu ya mtu wa kubuni nitaisomea wapi?"

"Basi weka mimi."

Akaweka Yona. Mfumo ukamkataa: wiki ile alishakuwa ndugu wa karibu wa wagonjwa watatu.

Saa nne na nusu. Mzee alitapika pembeni ya machela, akaomba radhi. Aliomba radhi kwa sauti ndogo, kama mtu aliyezoea kuwa mzigo. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kimefifia, hata ukikibonyeza hakisikii. Alikibonyeza hata hivyo. Alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumgombeza, kompyuta haigombezeki.

"Jiweke wewe basi," alisema Yona.

"Mimi siwezi."

"Unaogopa nini? Uongo mdogo tu huo. Mzee wa watu atafia hapa."

"Nimesema siwezi."

"Mwanangu," mzee aliita kutoka kwenye machela, "usigombane na wenzako kwa ajili yangu. Kama mashine imekataa, imekataa. Niache nipumzike."

Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Tabea aliweka vidole kwenye kibodi. Aliandika majina yake matatu polepole, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaweka namba yake. Simu ikatetemeka mfukoni, akazisoma tarakimu sita na kuzinakili. Kisanduku kikawa cha kijani. Kisha mfumo ukafungua orodha ya uhusiano, akachagua, na Hifadhi ikawaka.

"Umeona?" Yona alicheka. "Uongo mmoja tu, mtu anapona. Kesho tutairekebisha fomu."

Fomu ilitoka kwenye printa ikiwa bado ya moto. Tabea akampa Jackline, muuguzi, aliyeisukuma machela mbio hadi mwisho wa korido. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji Jackline alisimama aisome fomu kwa sauti, kama anavyomsomea kila mgonjwa kabla hajaingizwa.

"Elimringi Ndesanjo Akyoo, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ndugu wa karibu, Tabea Elimringi Akyoo. Uhusiano, mtoto."

Mzee alifumbua macho, akageuza shingo kulitafuta dirisha. Tabea alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kitambulisho amekigeuza tena, majina yaleyale matatu yakitazama nje, lakini mlango ulikuwa umeshaanza kufungwa.